Wanyamavu, Mko Wangapi?

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na ya pili, ya kulipia ile niliyoisahau kwenye barua ya mwaka jana, ambayo najua bado unanidai. Huku sijambo. Kifua kimepona. Chumba kinavuja upande ule ule, na baba mwenye nyumba bado anasema atakuja kutazama bati mvua zikiisha, kana kwamba mtu hutafuta tundu la bati wakati wa jua. Mdogo wangu amepata kazi ya kuuza miwani. Yeye mwenyewe haoni vizuri, lakini anasema hilo linawapa wateja moyo. Mkaza mjomba hajambo? Na mgongo wako, na karakana?

Naandika kwa sababu kwenye simu nilikuuliza swali moja mara tatu, na mara zote tatu ukanijibu kwamba mbao zimepanda bei. Sikulaumu, masikio ni ya Mungu. Basi swali lenyewe ndilo hili, kwa wino mweusi: Wanyamavu mko wangapi hapo mjini?

Usishtuke, ni kazi. Ofisi yetu ya takwimu, ile unayoiita ofisi ya kuuliza yasiyotuhusu, imepewa kazi na halmashauri ya jiji lenu: tukadirie kila dini ina wafuasi wangapi. Dini kubwa wamepewa wenzangu wenye uzoefu. Mimi nimeachiwa zile ndogo ndogo, kama mtoto anayepewa kuchambua mchele ili asiguse kisu. Nilimwambia bosi ukweli, kwamba nimelelewa kwenye benchi la Wanyamavu, na kwamba mtunza nyumba yao ya sala ni mjomba wangu, ndugu wa marehemu mama, kwa hiyo pengine si haki kazi hii nifanye mimi. Akafikiri kidogo. Akasema, "Vizuri, basi utalala kwao. Tutaokoa pesa ya hoteli."

Na kukadiria kwenyewe, mjomba, nimekusomea miaka minne, na naweza kukwambia siri yake: ni kubahatisha ukiwa na kalkuleta. Mtu wa kwanza niliyempigia simu aliniuliza, "Niseme dini niliyozaliwa nayo, ninayohudhuria, au ile ambayo mke wangu anadhani nahudhuria?" Fomu ina nafasi moja tu. Nilimwambia achague yeye, akakata simu akafikirie. Bado anafikiria.

Niambie basi, walau kwa kukisia.

Mpwa wako,
Mtaalamu wa Kubahatisha


21 Februari

Mpwa wangu Mtaalamu,

Marahaba, zote mbili, deni limefutwa. Sisi huku wazima. Mgongo unauma asubuhi tu, ila asubuhi ya siku hizi inafika hadi jioni. Karakana inakwenda. Nilimtengenezea mwalimu mkuu kabati kubwa, likagoma kuingia mlangoni kwake, tukang'oa mlango. Kabati likaingia. Sasa ni mlango ndio umegoma kurudi. Paka ana mimba. Mkaza mjomba wako anakusalimu, yuko nje kidogo. Siku hizi yuko nje kidogo mara nyingi.

Swali lako nimelisoma, nikavaa miwani, nikalisoma tena. Jibu ni kwamba tuko wengi.

Ukitaka maelezo zaidi, tuko wengi sana. Kumbuka ulipokuwa mdogo, mama yako alikupakata muda wote wa sala kwa kuwa benchi lilikuwa halina nafasi. Mabenchi yale nimeyaranda mimi, najua yanabeba watu wangapi. Sasa akitokea mtu kusema Wanyamavu wamepungua, ni kwa sababu hatupigi kelele. Wale wa ng'ambo ya barabara, wenye ngoma na vipaza sauti, wakiwa ishirini mtaa mzima unadhani ni elfu. Sisi tukiwa elfu, mpita njia anadhani ni ghala la magunia. Wewe andika elfu mbili. Namba haiumi.

Na dini ya kukaa kimya usiidharau. Masikio yalipoanza kuniaga, penginepo ningeonekana mzigo. Kwenye sala zetu nilikaa nusu mwaka mzima bila kugundua kwamba nimekuwa kiziwi.

Ila niambie, halmashauri wanazitakia nini hizo namba? Walikuja vijana wawili wakapima kiwanja chetu kwa kamba. Nikawauliza, wakanijibu, sikusikia, nikawapa chai.

Mjomba wako,
Mmoja wa Wengi


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mdogo wangu kazi ya miwani imemshinda. Alimuuzia bosi wake mwenyewe miwani ya kusomea, akiapa kwamba ni ya jua. Amerudi kwangu, na analala upande usiovuja.

Hao vijana wa kamba ndio jibu la swali lako. Halmashauri inapanga viwanja upya. Dini yenye wafuasi mia tano na kuendelea itabaki na kiwanja chake. Isiyofika itaondoka, na pale pawe maegesho ya magari ya soko. Hili sikulijua nilipokuandikia mara ya kwanza. Ningelijua ningekataa kazi. Au ningejifanya nimekataa, halafu nikakubali kwa ajili ya kodi ya chumba. Najijua.

Elfu mbili siwezi, mjomba. Usidhani ni uchamungu. Ni woga tu. Niliwahi kudanganya umri nilipoomba kazi, nikatoka vipele hadi shingoni, na kazi yenyewe sikuipata. Lakini nitakuja kwa miguu yangu wiki ya kwanza ya Aprili, siku ya sala, na nitakaowaona nitawaandika wote, hadi walio mgongoni.

Uliniandikia kwamba mkaza mjomba yuko nje kidogo. Nje wapi?

Mpwa wako


17 Machi

Mpwa,

Marahaba. Paka amezaa wanne. Mmoja tumempa jina lako kwa sababu anaingiza pua kila mahali.

Njoo. Ila usiwahi sana, ingia watu wakishakaa. Utaona mwenyewe. Beba kalamu ya akiba.

Mkaza mjomba wako hajambo. Nje ni nje.

Mjomba


14 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nilifika salama, na mdogo wangu anasema nimerudi nimenenepa. Ahsante kwa kitanda. Ulidai kulala juu ya mbao karakana ni dawa ya mgongo, na asubuhi nikakukuta umeinama kama ndoana. Mungu akulipe.

Ulinisindikiza hadi stendi umenishika mkono, ukaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. Ulikuwa na furaha, nikakosa ujasiri wa kuongeza neno. Sasa niko mbali, ujasiri umerudi. Nikwambie nilichokiona, maana wewe ulikaa benchi la mbele umefumba macho kama inavyotakiwa, na masikio yako nayo yalikuwa likizo.

Nyumba ilijaa pomoni. Benchi la nyuma walikaa vijana wa timu ya mpira, wamevaa jezi, golikipa na glavu zake mapajani. Katikati walikuwa mafundi seremala wa mtaa wote. Niliwatambua kwa sababu badala ya kufumba macho walikuwa wanakagua dari lako. Mwalimu mkuu asiye na mlango alikuwepo. Simu ya muuza nyama ililia, akaipokea, akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani, "Niko kwenye ibada. Sijui ya nani. Ya yule mzee wa mbao." Dereva mmoja akaanza kukoroma. Mwenzake akamfinya, akazinduka na kusema "Amina" kwa nguvu zote, na timu nzima ya mpira ikaitikia "Amina." Mjomba, Wanyamavu hatuna amina. Nilijing'ata ulimi nisicheke mpaka machozi yakanitoka, na mama aliyekaa kando yangu akanipa leso akidhani nimeguswa.

Lakini na mimi sikuwa bora kuliko wao. Wenzangu walikuwa wameazimwa, mimi nilikuwa nalipwa. Nilikaa mahali alipokuwa akikaa mama, jicho moja nimelifumba kwa sala, jingine nimelifungua kwa kazi.

Tukiwa katikati ya sala, mlango ukafunguliwa taratibu, akaingia mkaza mjomba. Alikuwa amevaa sare ya kwaya ya wale wa ng'ambo ya barabara, na juu yake koti lako la karakana, amelifunga vifungo hadi shingoni. Hapo ndipo nikajua "nje" ni wapi. Alipita katikati ya mabenchi, akaja kukaa ubavuni pako. Ulisogea kidogo kumpa nafasi, macho hukufumbua. Akakaa, mikono juu ya magoti, mpaka sala ilipokaribia kwisha. Kisha akainuka akatoka.

Nilimfuata hadi nje na fomu yangu. Niliona aibu, na nikionea aibu jambo huwa najificha nyuma ya sauti ya ofisini. "Wewe tukuandike wapi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Miaka thelathini nimekaa kimya," akasema. "Kwenye sala kimya, nyumbani mume hasikii. Nilitaka niimbe kabla sijafa. Kwenye sala niandike kule. Kwenye benchi niandike hapa."

"Fomu haina sehemu ya benchi."

"Basi fomu yako haijaolewa."

Nikamuuliza kama nikwambie kwamba alikuja. Akasema, "Mwambie. Mimi nikimwambia, atanijibu habari za mbao." Kisha akavuka barabara, maana kwaya ilikuwa inamngoja.

Hesabu ya siku ile siwezi kuitumia, mjomba, unajua kwa nini. Nitatumia ile ya kupita nyumba kwa nyumba, na nitaandika kitakachopatikana. Nakuomba kitu kimoja, si kwa ajili ya ofisi. Niandikie siku ya kawaida mnakuwa wangapi.

Mpwa wako


30 Juni

Mjomba,

Shikamoo ya Mei, na ya Juni. Hujanijibu. Nilipiga simu karakana, nikasikia msumeno, kisha ikakatika. Walau najua msumeno u mzima.

Ripoti imeshapelekwa. Tulipita nyumba kwa nyumba, kila ya kumi kwenye kila barabara, mbwa wameniuma mara mbili kwa ajili ya sayansi. Wanyamavu ni kati ya tisini na mia moja na sitini. Hata nikiwavuta kama mpira hamfiki mia tano.

Kuna jambo jingine, sikulitegemea. Mwisho wa fomu niliongeza swali kwa kiherehere changu: ungependa uzikwe na dini gani? Watu waliohamia kwingine zamani, watu wasio na dini, hata mwendesha bodaboda ambaye hajawahi kukanyaga kwenu, wakajibu, "Wanyamavu. Wanazika haraka, na hakuna hotuba." Kwa marehemu watarajiwa mngepata kiwanja na cha ziada. Bosi akaifuta safu yote. Akasema halmashauri inagawa viwanja kwa walio hai.

Na baya zaidi, dini zisizofika mia tano hazikuandikwa hata majina. Bosi alisema jedwali limekuwa refu. Vikundi sita mmetiwa pamoja kwenye mstari wa mwisho, unaoitwa "Nyinginezo." Nilipinga. Kupinga kwangu unakujua: nilisema "sawa" kwa sauti ya huzuni.

Nikwambie na langu, kisha nikuache. Kabla kazi haijaanza tulifanya mazoezi ya kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Mwenzangu akaniuliza, "Dini yako?" Nikataka kujibu, nikamkumbuka mama, nikakumbuka sijakaa kwenye lile benchi tangu tumzike, nikanyamaza. Nikanyamaza mno, hadi mwenzangu akachoka kungoja, akaandika "Mnyamavu." Sikumsahihisha. Yalikuwa mazoezi, hayakuingia kwenye hesabu.

Nisamehe au nitukane, lakini andika.

Mpwa wako


12 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba kwa miezi yote. Mgongo ni ule ule. Mwalimu mkuu ametundika pazia mahali pa mlango, na anasema ndiyo mtindo wa kisasa. Yule paka mwenye jina lako amehamia kwa jirani, na anakuja kwetu kula tu.

Sikuandika kwa sababu nilikasirika. Kisha nikaona aibu. Hasira ikaisha, aibu ikabaki, na aibu haijui kushika kalamu. Ile "Amina", aliyekosa kuisikia ni mimi peke yangu. Mtaa mzima uliisikia, na sasa nikipita sokoni naitwa Mzee Amina. Nimepiga chuku maisha yangu yote, mpwa wangu, ila hiyo ndiyo iliyonirudi ikiwa na jezi.

Uliuliza siku ya kawaida. Tuko saba. Mmoja anakuja kwa kuwa benchi langu linampa nafuu ya kiuno. Mwingine ni mimi.

Habari ya mkaza mjomba wako niliisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nimekaa. Siku ile nilidhani aliyekaa kando yangu ni mke wa muuza nyama, nikasogea nisibanwe. Nilikwenda nyumbani, nikachukua kalamu ya seremala na kipande cha karatasi ya msasa, nikaandika nyuma yake: "Ulikuja?" Akachukua kalamu, akaandika: "Ulikuwa unanuka gundi." Tangu siku hiyo tunaandikiana mezani. Karatasi za msasa zinaisha kama njugu. Nimegundua mke wangu ni mcheshi, na kwamba miaka yote amekuwa akinicheka kwa sauti, mbele yangu kabisa.

Siku za kwaya naandamana naye. Wameniweka karibu na ngoma kubwa. Naweka kiganja kwenye ubao wa jukwaa, napata ngoma yote na wimbo nusu. Kiongozi wao anadhani amenipata, amekwisha kuniongeza kwenye hesabu yake. Ukija kuhesabu tena utanikuta mara mbili.

Sasa la kiwanja. Julai tuliletewa notisi ya kuondoka. Sikumwambia mtu. Nilianza kulegeza skrubu za mabenchi, moja moja, ili siku ya lori isiwe na aibu ya kuvunjavunja. Siku moja nimelala chali chini ya benchi, nikaona viatu. Alikuwa karani wa halmashauri, ana barua. Nje imeandikwa: "Kwa Kiongozi, Dini ya Nyinginezo."

Nikaisoma. Inasema halmashauri imepitia jedwali na kuona kwamba Dini ya Nyinginezo ina wafuasi zaidi ya elfu moja, hivyo inastahili kiwanja. Kwa vile haijulikani makao yake makuu yako wapi, itakaa kwenye jengo lolote kati ya yale sita ambalo karani atalikuta wazi. Mengine alikuta kufuli. Langu lilikuwa wazi kwa sababu nilikuwa nalibomoa.

Nikamwambia hakuna dini ya namna hiyo. Akaichukua bahasha, akaandika nyuma ili nimwelewe vizuri: "Mzee, ipo kwenye jedwali."

Nilikwenda kuwatafuta wale watano wengine. Mpwa wangu, sijawahi kuona watu wachache wenye maneno mengi kama hao. Wamo wanaosali alfajiri tu. Wamo wasiokalia kitu chenye miguu minne, na mimi nikawapokea kwa mabenchi. Mmoja alikuja peke yake akasema anawakilisha wengi, nikamwonea huruma, nikamjua. Tuligombania siku, tukagombania ufunguo, mwishowe wakanichagua mwenyekiti. Nadhani ni kwa sababu sisikii pingamizi.

Dhamiri ilinisumbua. Nikamwambia mkaza mjomba wako kwamba nitaiandikia halmashauri kuwaonyesha kosa lao. Akaandika mezani: "Wewe uliyeazima golikipa?" Niliwaandikia hata hivyo. Wakajibu kwamba kosa la jedwali hurekebishwa kwenye hesabu ijayo, baada ya miaka kumi. Basi nimekaza skrubu.

Kwa hiyo usijilaumu tena. Ungeandika elfu mbili ningekuwa mwongo mwenye kiwanja, na timu ya mpira ningeilisha hadi leo. Likizo uje. Kitanda chako, mbao zangu.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yetu. Tulikuwa wale wale saba. Mimi nilikuwa mbele, nimefumba macho, nikahisi ubao wa sakafu umecheza. Mtu ameingia. Nikafumbua jicho moja, nadhani nimekuiga. Alikuwa mwanamke na mkoba wa sokoni. Aliusimamisha chini, akauegemeza mguuni usianguke, akakaa benchi la mwisho na kufumba macho. Sijui ni wetu, ni wa alfajiri aliyechelewa, ni wa ng'ambo ya barabara, au ni mtu aliyechoka kutembea. Nilinyanyuka nusu nikamuulize.

Kisha nikakaa. Nikalifumba na lile jicho moja.

Mjomba wako,
Mwenyekiti wa Nyinginezo